Spika tano zilizosema kitu kimoja: vile nilivyomkosea bro nikiunganisha PS na receiver

Wakuu, salamu kwenu, wa Eastlands na wa kwingineko.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Naingia, nasoma vita vyenu vya receiver na subwoofer, nacheka, natoka. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani, na najua wengi wenu mna hizi mashine sebuleni.

Nitalieleza lilivyotokea, pamoja na sehemu zinazoniaibisha. Sitatia chumvi. Hamnijui, siwajui, kwa hivyo sina mtu wa kumpendeza hapa.

Ni ndefu kidogo. Kama una chai karibu, isogeze.

Naitwa Ndung'u, naishi Donholm na mama yangu na kaka yangu mkubwa. Kaka anaitwa Mureithi, lakini mtaa mzima humwita Mureh. Alikuwa seremala soko la Gikomba, upande ule wa fremu za sofa. Ulikuwa unampa mbao na picha ya sofa kwenye simu, siku tatu unaikuta imesimama, na hajaipima kwa kitu zaidi ya shubiri yake na jicho.

Wikendi alikuwa mtu wa PS, ile mashine ya kuchezea game kwenye TV. Mpira, ngumi, vita, zote alizicheza. Alikuwa anatupiga sote, halafu anatufariji. Kufarijiwa na mtu aliyekufunga sita kunauma kuliko zile sita zenyewe.

Kisha yakaja mambo ya macho. Presha ya macho, ile wanaita glaucoma. Ilianzia pembeni. Alikuwa anagongana na mikokoteni Gikomba na watu wanamtukana, naye hajui ilitokea wapi. Sisi nyumbani tulikuwa tunamcheka kwamba amezeeka mapema. Hilo nalo sijalisahau.

Alipofika hospitali, daktari alimwambia kilichobaki kitalindwa, kilichoenda hakirudi. Hata kilichobaki hakikulindika. Siku hizi anaona mwanga wa dirisha tu, anajua ni mchana, basi.

Wakuu, mtu hapotezi macho tu. Mureh aliacha Gikomba baada ya kujikata kidole. Akaacha kushuka chini. Mwishowe akaacha hata kukaa sebuleni. Mgeni akibisha hodi, yeye anainuka anapapasa ukuta mpaka chumbani, anafunga mlango. Mathe, mama yetu, akawa anampelekea chakula huko ndani kama mtu aliyelazwa, na hakuwa mgonjwa wa kitu kingine chochote.

Siku moja akaniambia, "Hiyo PS chukua uuze. Iko hapo inakula vumbi."

Hilo neno lilinitisha. Sikuiuza. Niliifunika na nguo nikasema nitaona.

Sasa, kliniki ya macho huko wanakokaa kwenye benchi masaa na masaa, alikutana na jamaa mwingine asiyeona. Huyo jamaa alimwambia yeye hucheza game mpaka leo. Kwamba kuna game zina setting za watu wasioona kabisa: njia inakuita kwa mlio, adui ana mlio wake, ukikaribia ukuta unasikia. Ila, akamwambia, sauti lazima ikuzunguke. Ukiwa na sauti ya TV peke yake, unajua adui yuko, hujui yuko upande gani.

Mureh alirudi nyumbani akanieleza haya yote asubuhi, amesimama mlangoni mwa jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsikia akiongea zaidi ya sentensi mbili. Mathe aliacha kupepeta mchele akawa anatuangalia tu.

Hapo nikajua ninachotaka. Nilitaka bro atoke kwa hicho chumba. Akae sebuleni na watu, acheze, aringe kama zamani. Hata akinifariji nilikuwa tayari.

Najua kuna mtu tayari anaandika: si ungemnunulia headphones? Nilimnunulia. Alizivaa dakika kumi akazitoa. Alisema akifunga masikio hajui nani ameingia ndani ya nyumba, hajui Mathe yuko wapi, ni kama amefungiwa mara ya pili. Nikamwelewa. Basi ikawa ni spika.

Nijitambulishe vizuri kabla sijaendelea, ndio muelewe kosa lilikotoka. Mimi ni storekeeper Industrial Area, lakini kwa ukoo wetu mimi ndiye fundi. TV ikikataa, naitwa. Decoder ikigoma, naitwa. Shangazi akibonyeza kitu kwenye rimoti na picha ikapotea, anapiga simu kwangu. Miaka ya kuitwa hivyo inakufanya uamini kwamba unajua.

Nikaenda town kwa wale wanaouza vitu vya ex-UK vilivyotumika, nikachukua receiver, ile mashine ya kugawa sauti, spika tano na subwoofer ya besi. Mashine nzito, nzuri, kioo mbele kinawaka bluu. Nilipanda nayo ngazi mpaka ghorofa ya pili nikihema na sikujali.

Nikaunganisha. PS kwa TV kwa HDMI, kama ilivyokuwa. Kutoka TV kuja receiver nikatumia ile kebo ya nyekundu na nyeupe, kwa sababu ndiyo nilikuwa nayo na ndiyo tumetumia maisha yetu yote. Kutoka receiver nikatoa waya za spika.

Na spika nikaziweka wapi? Wewe uliyekulia Eastlands unajua jibu. Kwa wall unit, lile kabati la TV. Zote tano, mstari mmoja, zinaangalia mlango. Mathe akaleta vitambaa vyake vya kufuma akaziweka juu, kila moja na chake. Ilipendeza, siwezi kukataa. Kila nyumba niliyowahi kuingia hapa mtaani spika hukaa hivyo, mgeni akifungua mlango azione zote kabla hajaona sofa. Hata siku moja sikuwahi kujiuliza kwa nini karatasi ya maelezo ina picha ya spika nyuma ya kiti. Nilidhani ni mchoro tu wa kupendeza, wa nyumba za huko kwao zenye nafasi.

Nikawasha. Sauti ikatoka kwa tatu za katikati, lakini mbili za pembeni zilikuwa kimya. Nikachukua rimoti, nikabonyeza kile kitufe cha sound mode mara kadhaa mpaka zote tano zikalia. Kwenye kioo pakaandikwa 5CH STEREO.

Niliona hiyo tano nikaridhika. Nikasema surround ndiyo hiyo.

Nikajaribu na muziki kwanza. Caretaker alipanda ngazi mbio akidhani kuna kitu kimeanguka. Aliponiambia inasikika hadi gate, nilifurahi kama amenisifu. Huku kwetu kipimo cha sauti nzuri ni gate, na mimi nilikuwa nimeifikia.

Basi nikafanya kosa la pili. Niliwaita marafiki zake wa zamani wa PS, Kevo na Oti, Jumamosi mchana. Sikumuuliza Mureh. Nilitaka iwe surprise. Nilitaka waone, na nikubali tu, nilitaka waone kazi yangu pia.

Walipokuja alianza kuelekea chumbani kama kawaida. Nikamshika mkono nikamwambia, "Bro, leo kaa. Nimekuwekea sauti ile ulisema."

Akakaa. Kevo na Oti wakamsalimia kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa, wakijaribu kuficha. Nikaweka ile game ya kujificha na kupigana, nikawasha setting zote za wasioona, nikampa pad ya kuchezea mkononi.

Vidole vyake vilijua kila kitu. Hilo lilinigusa sana. Vidole vilikuwa vinakumbuka.

Lakini akawa anapigwa. Adui anakuja kutoka nyuma, yeye anageukia mbele. Adui yuko kushoto, anapiga kulia. Anakufa, inaanza upya, anakufa tena. Mara ya nne, mara ya tano. Oti alianza kumwambia, "Kushoto Mureh, kushoto, nyuma, nyuma yako!" na hapo ndipo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ni kama Oti ndiye aliyekuwa anacheza badala yake.

Akasimamisha game. Akageuza kichwa kidogo akasema, "Hizi spika ni ngapi?"

"Tano," nikamwambia. "Na subwoofer."

"Zote zinasema kitu kimoja."

Nikamwambia hapana, hiyo ni surround, kioo kinaandika five channel, mimi naiona hapa.

"Nakwambia zinasema kitu kimoja. Ni kama watu watano wanasoma gazeti moja kwa pamoja. Siwezi jua inatoka wapi."

Sasa wakuu, nilikuwa nimetumia wiki tatu kwa hiyo kitu. Nilikuwa na wageni. Nilikuwa nimeaibika, na badala ya kunyamaza nikafungua mdomo. Nikasema, "Mashine iko sawa. Labda ni masikio yako hayajazoea."

Mureh aliweka pad juu ya meza, polepole, akaitafuta kwanza meza kwa mkono mwingine. Akainuka. Akapita kati ya Kevo na Oti akiwaomba radhi, akaenda chumbani akafunga mlango.

Kevo hakunitazama. Alichukua jacket yake.

Wiki iliyofuata Mureh hakutoka kabisa. Nikipita mlangoni namsalimia, ananijibu kwa heshima, kama unavyomjibu mtu wa bima. Afadhali angenitukana.

Mathe aliniuliza ulimwambia nini ndugu yako. Nilimweleza, na bado nilikuwa najitetea. Nilimwonyesha kioo, nikamwonyesha hiyo tano. Mathe ni mtu wa kanisa, hana makelele. Aliangalia ile mashine, akaniangalia mimi, akasema, "Ndung'u, wewe ulisikiza ama ulisoma?"

Nikamwambia Mathe hizi ni vitu za kiufundi.

Mtashangaa jinsi mtu anaweza kuwa mjinga na ana diploma.

Ningependa kuwaambia kwamba roho ilinisuta nikaenda kutafuta msaada. Si hivyo. Nilienda kwa fundi kwa sababu subwoofer ilikuwa imeanza kunguruma. Hicho tu. Jamaa wa kazini alinielekeza Pumwani, ndani ya Majengo, kwa fundi mmoja wa amplifaya, akaniambia usiogope ukimkuta ni mwanamke.

Fundi Zuhura ni mama wa makamo, ana kibanda kidogo kilichojaa amplifaya za kanisa na za msikiti, zimepangwa pamoja bila ubaguzi. Nilimpa salamu, nikaweka receiver kwenye meza yake pamoja na mfuko wa waya zangu zote. Nilikuwa nimebeba kila kitu, kwa sababu fundi akikuuliza kitu na umekiacha nyumbani unapoteza siku.

Ngurumo aliimaliza kwa dakika tano. Ilikuwa waya uliolegea. Halafu akainua ile kebo ya nyekundu na nyeupe akaniuliza, "Na hii wafanyia nini?"

"Inaleta sauti ya PS kutoka kwa TV. Ni surround, five channel."

Akaniangalia. Akashika kichwa chekundu kwa mkono mmoja, cheupe kwa mwingine, akavinyanyua mbele ya uso wangu.

"Mwanangu, hesabu."

Nikahesabu. Viwili.

"Hapa hupita sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Hizo nyingine tatu zatoka wapi?"

Nikamwambia lakini spika zote zinalia, na kioo kinaandika tano.

Akacheka, si kwa ubaya. Akanieleza kwamba hiyo mode huchukua sauti mbili zilezile na kuzigawa kwa spika zote, ndio watu wa sherehe wasikie muziki kila kona. Ni nzuri kwa harusi. Kwa game haikuambii chochote, kwa sababu nyuma husema kilekile cha mbele. Na neno la pili pale kwenye kioo, stereo, lilikuwa limeniambia hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi nilisoma la kwanza nikaacha.

Akaniuliza, "Na hakuna mtu nyumbani aliyeona kuna kasoro?"

"Bro wangu alisema zinasema kitu kimoja."

"Yeye ni fundi?"

"Hapana. Haoni."

Aliacha alichokuwa akifanya. Akasema, "Basi ungemleta yeye, mashine ungeiacha nyumbani."

Wakuu, nilirudi kutoka Pumwani kwa miguu mpaka karibu na Jogoo Road bila kujua natembea, na receiver begani. Nilijisikia vibaya sana. Macho yake yalipokuwa yanamwacha polepole tulimcheka. Sasa alinieleza kitu cha kweli, kwa maneno ya wazi kabisa, mbele ya watu, na nikamwambia kasoro ni yeye.

Kwa wale waliokuja kutafuta msaada wa kiufundi, hii hapa ndiyo sehemu yenu. PS yetu ni ile ya zamani kidogo, ina tundu la optical nyuma. Fundi Zuhura aliniuzia kebo ya optical, ile nyembamba inayopitisha mwanga. Picha inaenda kwa TV kwa HDMI, sauti inatoka kwa PS moja kwa moja mpaka receiver kwa optical. TV haishiki sauti kabisa, kwa sababu TV nyingi zikiipokea zinaikata zinaipitisha mbili tu.

Halafu ndani ya PS unaingia Settings, kwa mambo ya sauti, unaiambia itoe kwa optical, na format unaitoa kwa Linear PCM unaiweka Bitstream. Ukiiacha PCM, optical inabeba mbili tena, umerudi pale pale. Halafu ndani ya game yenyewe kuna sehemu ya sauti, unaiambia una home theatre. Na kwenye receiver unaachana na ile mode ya harusi. Kama PS yako ni zile mpya zisizo na optical, tumia HDMI kuingia receiver kwanza ndio iende TV, lakini hakikisha receiver yako inasoma sauti ya HDMI na haipitishi picha tu. Za zamani nyingine hupitisha tu.

Nilipofika nyumbani niliunganisha hayo yote. Kioo kikaandika kitu kingine kabisa. Na safari hii sikukiamini. Nilikaa chini nikatambua kwamba sina njia ya kujua kama iko sawa. Mimi nikicheza naangalia picha, ubongo unajaza mwenyewe. Ndani ya hiyo nyumba mtu wa kujua alikuwa mmoja.

Nikaenda nikagonga mlango wake.

"Bro."

"Sema."

"Ulikuwa sawa. Zilikuwa zinasema kitu kimoja. Nimetoka kwa fundi, ameniambia vile vile ulisema wewe."

Niliegemea fremu ya mlango nikaendelea.

"Nimebadilisha waya. Lakini sijui spika nizipeleke wapi. Siwezi bila wewe, na si kukubembeleza, ni ukweli siwezi."

Nilisubiri hapo mlangoni. Nilisikia kitanda, halafu miguu. Mlango ukafunguka. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Toa hizo spika kwa wall unit kwanza. Nani huweka spika zote mbele kama choir?"

Wote, nilitaka kumwambia. Mtaa mzima. Nikaanza kuzishusha.

Alikaa kwa sofa, mahali pake pa zamani, katikati. Nikaweka mbili mbele na moja chini ya TV. Zile mbili za nyuma ndizo zilileta kesi, kwa sababu sofa yetu imegusa ukuta kama sofa zote za Donholm. Kuisogeza mbele ni kuziba njia, na Alhamisi wamama wa ushirika huja kwetu, wanahitaji kila inchi.

Mathe akasimama hapo na vitambaa vyake mkononi. Nilijua tunaelekea kwa majadiliano marefu. Mureh akapiga magoti juu ya sofa, akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anapima kwa shubiri kutoka kwa dirisha. Seremala ni seremala.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa."

Mahali pa kulia palikuwa na picha ya Mathe ya harusi. Mathe akapanda kwa stool mwenyewe, akaitoa ile picha, akaipangusa na kitambaa, akasema itakaa vizuri kwa corridor. Hakubembelezwa na mtu.

Nilitoboa, Mureh akashika spika na kuzifunga kwa skrubu kwa mikono yake mwenyewe. Alikataa hata nimguse kiwiko. Ilichukua karibu mchana wote. Aliniamuru: rudi nyuma, geuza ile ya kushoto, shusha hii sauti, hii ya kulia inaimeza ile nyingine. Mara moja akaniambia nimebadilisha kushoto na kulia za nyuma. Kidogo nimwambie hapana. Nikaenda nikaangalia waya, na nilikuwa nimebadilisha.

Halafu akaomba pad.

Ilikuwa saa kumi hivi, jua la dirishani liko kwa miguu yake. Game ikaanza. Mvua ndani ya game ilinyesha sebuleni pande zote, mpaka Mathe akaangalia nje kuona kama ameanua nguo. Mureh akatembea polepole. Akapita mlango wa kwanza. Akapita wa pili.

Kisha hatua zikasikika nyuma yetu, upande wa kulia. Hata mimi nilizisikia. Na Mureh akageuza kichwa.

Hakugeuza yule mtu wa kwenye game kwanza. Aligeuza kichwa chake mwenyewe, kuelekea pale ukutani, kama mtu aliyeitwa jina. Ndipo vidole vikafuata, na yule adui akalala chini.

Mathe alijishika mdomo. Mimi machozi yalinitoka na sioni aibu kuandika.

Akacheza labda saa nzima. Alikufa mara nyingi tu, msidhani ni muujiza. Lakini sasa alikuwa anakufa na kucheka, anamtusi adui, anasema nilimsikia huyu mjinga nikachelewa. Huyo ndiye bro niliyekuwa nimemkosa.

Alipopumzika akaweka pad kwa mapaja. Akaniita.

"Ndung'u."

"Naam."

"Siku ile uliniuma. Macho yaliisha, nikakubali, kwa sababu daktari alinionyesha vipimo na nilikuwa naona giza mwenyewe. Lakini masikio yangu najua yako sawa. Na ukaniambia mbele ya watu ni mabaya. Nilirudi kwa chumba nikaanza kuyashuku. Wiki nzima nimelala hapo nikisikiza tap ya jikoni, nikijiuliza kama ni tap kweli."

Nilimwambia nilikukosea, nisamehe. Nilimwambia tu hivyo, bila lakini.

Akanyoosha mkono akapata bega langu, akalipiga mara mbili.

"Uko na namba ya Kevo?"

"Niko nayo."

"Mpigie. Yeye na Oti. Waambie kesho wakuje, na wasiniletee ile sauti ya hospitali. Waambie waje kupigwa."

Walikuja, wakuu. Na mlango ulipobishwa, mtu wa kwanza kuinuka alikuwa Mureh, na safari hii alipapasa ukuta kuelekea mlangoni, akawafungulia mwenyewe.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia kwa aibu. Mtu akikuambia anachosikia, au anachohisi mwilini mwake, usikimbilie kumsomea kioo cha mashine. Kaa hapo alipokaa. Funga macho kama lazima. Nilidhani nampa bro zawadi, kumbe nilikuwa nataka anipigie makofi, na ndiyo maana sikumsikia hata aliponieleza kwa Kiswahili rahisi kabisa. Wengi wetu tuna mtu nyumbani tunayemhudumia hivyo, tunamfanyia kila kitu na hatumuulizi kitu.

Na mkitoka hapa, ondoeni hizo spika kwa wall unit. Mathe wangu amekubali, hata wenu atakubali.

Wenye uzoefu na game zenye setting za wasioona, tupeni majina ya zile nzuri, hasa za ngumi. Wenye ndugu aliyepoteza macho, niambieni mlifanya nini wiki za kwanza, kwa sababu kuna mengi bado hatujui. Hata wa kunitukana, nafasi ipo, nastahili.

Ila nawaomba kitu kimoja. Andikeni maneno yakiwa kamili, msikate kate. Mureh ana ile simu inayosoma kwa sauti, na ameniambia comments zenu atazisoma yeye mwenyewe, mimi nisimsomee.